Mwito Ng'ambo ya Kijito

Jumatatu, 16 Septemba

Muhula wa tatu umefunguliwa leo na mvua imefunguliwa nao. Darasa la tano wamekuja themanini na wanane. Madawati ni yale yale ishirini na mawili, basi hesabu ya kwanza ya muhula wameifanya kwa makalio.

Mwalimu Mkuu Yakani aligawa madaftari ya maandalio ya masomo, langu likazidi moja, nami sikulirudisha. Nitaandikia mambo yangu. Nitaandika kwa Kiswahili cha kwetu Koboko, cha baba yangu askari. Hapa Aroi watu wanakitumia sokoni na kukiacha huko huko.

Jioni Mama Ayikoru, mama mkwe wangu, ameanza tena. "Mama Phiona, miaka iko tatu sasa. Mutu anakaa nje miaka tatu, hakuna kulia yeye?" Nikamwambia Enoch hajafa. Akaniuliza nani ameniambia. Nikamuuliza na yeye nani amemwambia kwamba amekufa. Tukala, binti yangu Phiona katikati yetu akitutazama kwa zamu.

Enoch ni fundi wa magari. Alikwenda Yei, ng'ambo ya mpaka, kutengeneza lori la mtu, akasema siku nne.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua. Kunde zimelala chini.

Jumatano, 18 Septemba

Leo wageni. Okestra ya Kampala imetuma watu watatu. Watakaa Arua Hill muhula mzima, wakizunguka shule na kukusanya sauti za watoto. Tarehe thelathini Novemba okestra nzima itakuja kupiga sauti hizo Koboko uwanjani. Sisi tumepewa Jumatano, saa nne.

Kuna Marino wa sello, mtoto wa hapa jirani Ombaci, mrefu hata aliinama mlangoni. Kuna Siraji wa tarumbeta, Mnubi wa Arua mjini, mwenye maneno mengi. Na kuna dada wa fidla aliyetumia nusu ya kipindi akimtazama buibui wa dirishani. Mwalimu Mkuu aliwakaribisha kwa hotuba ndefu kuliko muziki wenyewe.

Marino aliita watoto waweke viganja juu ya mbao ya sello, akavuta upinde. Tongun, mtoto wa wakimbizi, aliruka nyuma. "Mwalimu, iko mutu ndani!" Darasa zima likacheka. Siraji naye alifungua kitundu cha tarumbeta na maji yakadondoka sakafuni. Watoto wakapiga kelele, "Mate! Mate!" Akawaambia si mate, ni pumzi iliyopoa. Sikupenda alivyolisema, sijui kwa nini.

Jumatano, 25 Septemba

Wamefundisha kupiga makofi kwa hesabu. Kazi ya nyumbani: kila mtoto alete sauti moja ya kwao.

Jumamosi, 28 Septemba

Tumevuna karanga za mwisho. Mama Ayikoru amezungumza na mihogo siku nzima ili asizungumze nami.

Jumatano, 2 Oktoba

Nianze wapi?

Watoto walileta sauti zao. Mmoja alileta wimbo wa kutwanga, mwingine wa kanisani. Tongun alimwiga muuza mandazi, tukacheka hadi machozi. Kisha Phiona wangu akasimama, akaweka kiganja mdomoni, akapiga cere ya baba yake.

Kwetu Wakakwa hatuna jambo hili hivi lilivyo hapa, basi nalieleza kama nilivyoelezwa nilipoolewa. Kila mwanaume wa hapa ana mwito wake wa kuinua sauti, anaupiga akirudi nyumbani, akiwa bado ng'ambo, ili watu wajue ni yeye. Hiyo ndiyo cere. Ni yake mwenyewe. Mtu mwingine akiipiga ni kama ameingia nyumbani kwako na kuvaa shati lako. Siku akifa, ndugu wanaipiga mara moja ya mwisho toka kilimani, na baada ya hapo hairudiwi tena.

Enoch alikuwa akiupiga wa kwake akishuka kilima cha ng'ambo ya kijito chetu. Mama yake akiusikia, anaweka chungu motoni.

Nilipaswa kumnyamazisha mtoto. Miaka kumi na miwili nimeishi hapa, sheria naijua. Lakini naijua kama unavyojua sheria za jiko la mtu mwingine, na nitasema ukweli, nilitaka kuisikia. Miaka mitatu sikuwa nimeisikia. Nilisimama na chaki mkononi kama mjinga, machozi yananitoka.

Siraji akasema, "Hii iko tamu!" Akainua tarumbeta akaipiga yote, mara moja tu baada ya kusikia. Mara ya pili kwa nguvu zaidi. Watoto wa wakimbizi walipiga makofi. Watoto wa hapa waliinamisha vichwa, na wawili wakaziba masikio.

Haikupita nusu saa, Mama Ayikoru akasimama mlangoni, miguu imejaa matope hadi magotini, amebeba sahani ya enyasa, ugali wa hapa, na mboga ya kunde iliyofunikwa kwa kitambaa. Alikuwa amejifunga kile kitenge chake cha kanisani.

"Iko wapi?" akauliza. Alikuwa anatabasamu. "Mutoto yangu iko wapi?"

Alitazama dawati moja baada ya jingine, kama Enoch angekuwa amejificha katikati ya watoto. Kisha akaiona tarumbeta kwenye mapaja ya Siraji. Sahani haikuanguka. Aliishika vizuri, akageuka, akarudi nayo nyumbani, hatua kwa hatua, kwenye mvua.

Alhamisi, 3 Oktoba

Amesema leo, mara moja, akiwa amenipa mgongo. "Hiyo kitu si wimbo. Ni ya mutu. Mukipiga, yeye anasikia. Kama iko hai, inamuvuta. Kama iko kufa, inamuvuta vilevile, na atakuja hapana jua kama amekufa. Ambia wageni waache."

Nikasema nitawaambia.

Ijumaa, 4 Oktoba

Sijawaambia. Nimempigia Siraji simu nikamwambia wimbo wa Phiona ni mzuri, waushike. Nikisema nilisahau nitakuwa naongopa. Kama inamvuta, basi imvute.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru, wageni hawakuja. Watoto wameandamana kwenda kiwanjani wakipiga cere ya mume wangu kwa miluzi, themanini kwa pamoja. Wanaume waliokuwa wakinywa chai dukani waliondoka mmoja mmoja. Mzee mmoja alinitemea mate karibu na kiatu, si kwa hasira, kwa kujikinga.

Jumatano, 16 Oktoba

Amejibu.

Ilikuwa saa nne na nusu, mvua imekatika. Siraji alipiga, Marino akamfuata kwa sauti nzito ya chini. Wakanyamaza ili watoto waimbe. Kabla watoto hawajafungua midomo, ikatoka mbali, juu ya kilima cha ng'ambo ya kijito. Ile ile. Darasa lote liligeuza vichwa madirishani.

Dada wa fidla akasema, "Mwangwi." Marino akamtazama. Mwangwi gani unangoja hadi umalize?

Na kuna jambo nimelificha kwa kila mtu, sasa naliandika. Cere ya Enoch aliyoijua mama yake, na aliyoijua Phiona, si nzima. Nilipoletwa hapa bibi arusi, lugha siijui, kila mwanaume akipita nadhani ni yeye, Enoch aliongeza mwishoni sauti moja fupi ya chini, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole. Alikuwa akiipiga akishafika kijitoni, pole pole, ni mimi tu jikoni niliyeisikia. Phiona haijui, na Siraji hawezi kuijua.

Aliyejibu kilimani aliimalizia.

Mume wangu yu hai! Nimecheka peke yangu nyuma ya choo cha walimu hadi Mwalimu Mkuu akaniuliza kama ni malaria.

Alhamisi, 17 Oktoba

Baada ya vipindi nilivuka kijito nikapanda kilima. Nimeuliza nyumba tano. Hakuna mtu aliyepiga mwito jana. Hakuna mgeni aliyepita. Mama mmoja aliyekuwa akianika mtama aliniambia, "Sisi tulisikia kutoka kwa nyinyi. Mara mbili."

Jumapili, 20 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nasikiliza tu, mchana kutwa.

Jumatano, 23 Oktoba

Leo dada wa fidla aliweka simu juu ya meza yangu ili arekodi. Siraji akapiga, jibu likaja. Safari hii halikutoka kilimani, lilitoka chini ya kilima, pale njia inapoingia kwenye matete. Nilihesabu watoto waliolisikia: wote.

Tukasikiliza rekodi. Kulikuwa na kikohozi cha Tongun, na benchi linakwaruza. Kisha ukaja mwito, mbali, wazi kabisa, pamoja na ile sauti ya mwisho. Ndipo Siraji akavuta pumzi na kuanza kupiga.

Tulirudia mara tatu. Kwenye simu anayeita ni yeye, na sisi ndio tunaojibu.

Siraji, yule mwenye maneno mengi, alifuta simu kwa shati lake, akasema tu, "Wallahi mimi sikupenda hii."

Ijumaa, 25 Oktoba

Phiona amepata tatu juu ya ishirini katika Sayansi. Nikamuuliza mawazo yako yako wapi? Akanionyesha dirisha.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua ya mawe ilianguka juu ya mabati tangu saa tatu. Mvua ikiwa hivyo hakuna kufundisha, mtoto wa mbele hamsikii mwalimu. Wanamuziki walikaa na vyombo vyao mapajani, hatukupiga hata sauti moja.

Saa nne na nusu Phiona aliinua kichwa. Akainuka. Akatembea hadi mlangoni akasimama na uso kwenye mvua. Nilimshika bega, nikamuuliza unasikia nini? Midomo yake ikasema kitu nisichokisikia. Nikainama.

"Amefika maji," akasema.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Mama Ayikoru amewasha mshumaa mmoja akaniomba niwashe wa pili. Nimekataa. Zamani nilikuwa nakataa kwa ubishi, leo nimekataa kwa furaha, na furaha yenyewe imeanza kunitia hofu. Mtu mzima anayekuja kwa mama yake na mkewe, mbona haji mlangoni? Anangoja nini huko kwenye matete?

Jumatano, 6 Novemba

Darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa, shule iko kimya kwa amri, wanamuziki hawakuja. Hakuna aliyepiga chochote.

Saa nne na nusu cere ikatoka nyuma ya vyoo, kwenye muhogo wa shule. Karibu hivyo. Msimamizi wa mtihani alitoka nje kwa hasira akauliza ni mwendawazimu gani anapiga kelele. Nilikimbia. Majani ya muhogo yalikuwa yakitikisika mstari mmoja, kama mtu amepita sasa hivi, na hapakuwa na upepo. Udongo ulikuwa laini kama ugali. Niliutazama wote, nimeinama. Palikuwa na nyayo zangu tu.

"Enoch," nikaita. "Mimi Alice. Toka basi." Nilisikia harufu ya grisi ya gari.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeandika ubaoni tarehe ya mwaka uliopita.

Jumatano, 13 Novemba

Namshukuru Mungu, namshukuru Marino, namshukuru tena Mungu.

Siraji leo alikataa kupiga. Alisema watafanya makofi tu. Nilikuwa naandika maneno ubaoni, nikageuka, nafasi ya Phiona iko wazi. Tongun akasema, "Mwalimu, yeye amekwenda. Baba yake ameita." Nikauliza ameita lini? Akasema, "Sasa hivi. Wewe hapana sikia?" Sikusikia! Kwa mara ya kwanza watoto wote wamesikia na mimi sikusikia kitu.

Mvua za juma zima zimejaza kijito. Maji ni mekundu, yanabeba magogo. Phiona alikuwa ndani, yamempita kiuno, mikono ameinua juu kama mtoto anayetaka kubebwa, anakwenda ng'ambo hatua moja moja. Nilipiga ukelele. Hakugeuka. Miguu yangu haikutaka kwenda, sijui kuogelea. Marino alinipita, akaingia na kaptula yake na fulana yake vyote, na urefu wake ule tuliokuwa tukiucheka ndio ulimwokoa mtoto wangu. Gogo lilipita pale walipokuwa wamesimama.

Nilimkumbatia, nikampiga kofi, nikamkumbatia. "Unataka kufa?"

"Baba iko pale," akasema, meno yanagongana. "Amechoka, Mama. Hawezi kuvuka. Amesema nimsaidie."

Ng'ambo palikuwa na matete tu.

Alhamisi, 14 Novemba

Sikulala. Awe hai, awe maiti, anayemwita mtoto wake aingie kwenye maji yale si wa kungojwa. Mimi ndiye niliyesema imvute. Mimi ndiye niliyempa Siraji sauti ya mtu kama anayegawa karanga.

Alfajiri nilimkuta Mama Ayikoru akifagia. Nikapiga magoti mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mahari. Nikasema, "Mama, tumlilie."

Aliacha ufagio ukaanguka. Alinishika kichwa kwa mikono miwili. Tulilia pale uani, yeye kwa Kilugbara, mimi kwa Kikakwa, hadi Phiona akatoka nje na blanketi lake.

Jumatano, 20 Novemba

Nimewaambia wanamuziki waiondoe sauti ile kwenye muziki wao. Siraji alinishika mkono kwa shukrani. Anasema anakunywa chai na midomo yake inajikunja yenyewe kuipiga. Wamekwenda Koboko kwa mazoezi, na wametuaga. Saa nne na nusu ikapita na darasa lote tumeshika pumzi. Hapakuwa na kitu.

Jumamosi, 23 Novemba

Tumemaliza.

Watu walikuja kutoka asubuhi, ukoo wote, na wa Ombaci, na walimu. Hapakuwa na mwili, basi walizika shati lake la kazi. Mwalimu Mkuu Yakani alitoa hotuba fupi, nimemsamehe mengi kwa hilo.

Saa kumi jioni Obitre, mtoto wa dada yake Enoch, alisimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba akageukia kijito. Ni kijana mwenye kifua. Aliipiga cere ya mjomba wake mara moja ya mwisho, kama desturi. Wanawake walikuwa wameshavuta pumzi ili walie.

Ikajibu.

Ilitoka ng'ambo, karibu sana, na watu mia mbili waliisikia, sitasema tena ni masikio yangu. Ilianza vizuri, ikapanda, ikafika pale inapokunjuka mwishoni, na hapo ikakatika. Ikabaki hewani, kama mtu ameshika mguu juu na hajaukanyaga. Hakuna mwanamke aliyelia. Mbwa walilala chini.

Mama Ayikoru alinitafuta kwa macho katikati ya watu. "Iko kitu imebaki," akasema. "Mimi mama yake, mimi hapana jua. Wewe unajua. Maliza."

Ee Mungu. Ilikuwa ya kwangu. Ilikuwa kitu pekee cha Enoch ambacho sikumgawia mtu, na nilijua nikiitoa nimesema mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba mume wangu amekufa. Nikamtazama Phiona. Alikuwa ameinuka tayari, uso umegeukia kijito, na kidole kimoja cha mguu kimetoka kwenye kandambili.

Niliweka kiganja mdomoni. Niliitoa ile sauti ya chini, fupi, mara moja.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Hata maji ya kijito nadhani yalinyamaza. Phiona akakaa chini akaanza kulia kama mtoto wa kawaida aliyefiwa. Ndipo wanawake wakapokea.

Jumapili, 24 Novemba

Tumelala hadi jua likatoka.

Jumatano, 27 Novemba

Saa nne na nusu, tulikuwa kwenye sehemu za desimali. Phiona hakuinua kichwa. Nyumbani Mama Ayikoru anamenya karanga akiimba nyimbo za kanisani, sauti yake mbaya sana, sikujua. Ameniita mwanangu. Nimekuwa mjane na nyumba imekuwa na amani, na naona haya kuandika kwamba nimekula vizuri.

Jumapili, 1 Desemba

Siraji amepiga simu kutoka Koboko. Alikuwa akilia.

Jana uwanja ulijaa. Wakapiga nyimbo zote za shule, na ule wa Phiona haukuwemo, walikuwa wameufuta kwenye karatasi. "Nilikuwa nimekuahidi, Mwalimu. Wallahi sikutaka. Mdomo ulikwenda wenyewe." Katikati ya wimbo wa kutwanga tarumbeta yake iliipiga ile cere, yote, mbele ya wakubwa wa wilaya. Na mama mmoja anayeuza chai nje ya uwanja aliangusha birika, akaingia akisukuma watu, akapanda jukwaani akamshika Siraji shati. Alikuwa akisema, "Hiyo iko ya mgonjwa yangu! Nani amekufundisha ya mgonjwa yangu?"

Jumatatu, 2 Desemba

Nimekwenda Koboko. Nyumbani nimesema baba anaumwa.

Mama wa chai anaitwa Helen, mkimbizi wa Yei. Nyumba yake iko nyuma ya kanisa, kutoka kwa baba yangu unaweza kuona moshi wake. Alinikalisha, akanipa chai, ndipo akaanza kusema.

Mwanaume huyo, alisema, alitoka huko ndani kwa miguu. Watu waliokuwa naye walisema walitoroka pamoja mahali walipofungwa porini, na kwamba alikuwa mtu wa kutengeneza magari. Katikati ya Oktoba walikuwa bado mbali. Mwisho wa mwezi huo walivuka maji ya mpakani, naye maji yakampiga, homa ikamshika. Mwanzo wa Novemba walimwacha kwa Helen. Jina lake hakulijua tena. Hakusema neno.

"Lakini siku ya Jumatano asubuhi anainua kichwa," akasema Helen. "Anasikiliza. Halafu anaita ile kitu. Jumatano mbili hivyo, ya tatu hapana. Mimi nasema ni homa."

Nikamuuliza yuko wapi.

"Ngoja, dada yangu. Ile Jumamosi ingine, si juzi, ile ya nyuma, yeye aliamka vizuri. Alikunywa uji yote. Alioga. Akasema maneno, mara ya kwanza. Alisema, 'Nipe viatu, nimekaribia nyumbani.' Mimi nilifurahi, nikatafuta viatu. Saa kumi hivi akasikia tena. Akasimama pale mlangoni, anacheka, akaanza kuita. Akafika karibu na mwisho, akaacha. Kama mutu mwingine amemumalizia. Akasema, 'Haya.' Akalala chini pale. Kurudi na viatu, amekufa."

Nilimwambia arudie ilikuwa saa ngapi. Alirudia.

Kanisa lao ndilo lililomzika. Kaburi lina msalaba wa mti, umeandikwa MGENI. Kutoka pale nilikiona kibanda cha kuku cha baba yangu. Nililala juu ya udongo ule nikalia mpaka Helen akaniinua.

Jumanne, 3 Desemba

Nimerudi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Nimemwambia Mama Ayikoru kwamba Siraji amepata watu waliomjua Enoch, kwamba ana kaburi Koboko, kwamba mama mmoja mwema alimzika na watu wa kanisa waliimba. Yote hayo ni kweli. Alinisikiliza, mikono ndani ya ungo wa karanga. Kisha akauliza nililojua atauliza.

"Alikufa lini?"

"Mwaka ule ule, Mama. Ule aliotoka."

Alitikisa kichwa polepole. "Miaka tatu tulimusimamisha nje, mimi na wewe. Maskini, mutoto yangu. Tulichelewa sana."

Nikasema ndiyo, Mama, tulichelewa. Nikakaa karibu naye nikamsaidia kumenya.

Lakini lazima iandikwe mahali. Enoch, mume wangu, alikufa Koboko, Jumamosi tarehe 23 Novemba, saa kumi jioni, na mimi ndiye niliyemalizia.